Bahla, mji unaosingiziwa majini

Ukiwaambia watu wa Maskati kwamba unakwenda Bahla, kwanza wanacheka, kisha wanakupa masharti. Usipokee chakula kwa mtu usiyemjua. Usitembee mashambani baada ya magharibi. Ukisikia unaitwa jina lako na humwoni anayekuita, usigeuke. Pale soko la Matrah mzee mmoja muuza kofia alinisikia nikizungumza na mwenzangu, akaingilia kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Bahla? Basi soma Ayatul Kursiyyu kabla hujashuka garini, mwanangu." Alikuwa anatania, lakini si sana.

Kila nchi ina mji wake wa kutupiwa haya. Huko bara kwetu wanaisingizia Sumbawanga, wengine Gamboshi. Watu wa pwani wanaitupia Pemba, na Wapemba wenyewe wakiulizwa hucheka tu na kukuacha na wasiwasi wako. Oman wana Bahla. Nimeizunguka nikiwa na daftari na masikio wazi, na nimerudi nikiisifu kwa yeyote anayenivumilia. Mji huu una jambo la ajabu kweli, ila wanaousingizia wameliangalia upande usio wake.

Ni safari ya kilomita kama 200 kutoka Maskati. Barabara inapenya kwenye bonde la Samail, inafika Nizwa, kisha inaelekea magharibi. Mkono wa kulia unao Jabal Akhdar, Mlima wa Kijani, ambao kwa mbali hauna kijani cha kulisha hata mbuzi mmoja. Ni mwamba mtupu wa rangi ya kahawia. Mkono wa kushoto nchi inazidi kulala na kukauka, na ukiifuata kusini bila kusimama utaishia Rub al-Khali, mchanga usio na mji wala kisima cha kutegemea. Halafu pasipo kukutayarisha, mitende inatokea. Si mitende kumi au ishirini ya kando ya njia, ni msitu. Na juu ya msitu huo imekaa ngome.

Nimeona ngome nyingi Oman, kwa sababu huko kila bonde lina yake. Hii ya Bahla inakunyamazisha. Jina lake Hisn Tamah. Inahusishwa na Wanabhani, ukoo uliotawala nchi hii ya ndani tangu karne ya 12 mpaka mwisho wa karne ya 15. Misingi ni ya mawe, lakini kuta na minara inayopanda juu ya paa za mji ni matofali ya udongo yasiyochomwa. Udongo mtupu! Jua la saa kumi linapoupiga ukuta wa magharibi, huwezi kusema kilima kinaishia wapi na mkono wa binadamu umeanzia wapi. Hiyo ndiyo sura ninayomwombea kila msafiri aione: aje alasiri, asimame ng'ambo ya bonde kavu, asiwe na haraka.

Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya udongo anajua shida yake. Mvua moja ya hasira na kazi ya mwaka imeteremka mtaroni. Ngome hii iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987, ikiwa ya kwanza kwa Oman, na mwaka uliofuata tu ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa ilikuwa ikiporomoka. Ilibidi mafundi warudie njia za wazee, udongo kwa udongo na lipu ya saruji ya kienyeji wanayoiita saruj, ambayo hupatikana kwa kuchoma udongo na kuusaga. Mwaka 2004 ikatoka kwenye orodha ile, na tangu 2012 milango iko wazi kwa wageni. Ndani ni vyumba juu ya vyumba, ngazi zinazokatika ghafla, visima, na vipenyo vya upepo vilivyowekwa mahali ambapo mtu aliyechoka angependa kukaa. Hakuna samani wala picha nyingi za maelezo. Wengine hulalamika kwamba ni tupu. Mimi niliipenda hivyo hivyo.

Ukuta ndio ulionishika zaidi. Ngome ni kitovu tu. Kuuzunguka mji, mashamba, misikiti na makaburi kuna ukuta wa udongo wa kilomita kama 12. Muulize yeyote ni nani aliyeujenga, atakuambia umejengwa usiku mmoja. Na majini, bila shaka. Niliufuata kwa miguu sehemu iliyobaki wima, kando ya mashamba ya mitende na vitunguu, nikawa napiga hesabu za mtoto wa mwashi. Nani alipima? Nani alikanyaga udongo, nani alibeba maji ya kuukandia katika nchi ambayo maji yana mwenyewe? Nani alipika? Na baada ya kila mvua, nani alirudi na karai kuziba nyufa? Fundi akilipwa ujira mdogo na jina lake lisiandikwe, baada ya karne tatu anaitwa jini.

Mafundi hao hawajaisha. Bahla ni mji wa wafinyanzi, na vyungu vyake vilikuwa vikitumika Oman nzima kabla ya plastiki: mitungi mikubwa ya kuhifadhia tende, vyetezo vya ubani, na jahla, mtungi wa mviringo unaotundikwa kwa kamba barazani ili upepo uupoze. Maji hupenya polepole kwenye vitundu vya udongo, yanakauka juu ya ngozi ya mtungi, na yaliyobaki ndani yanakuwa baridi. Nilikaa kwenye karakana moja nikimtazama fundi akifanya jahla. Alikuwa mtu wa makamo, kanzu ameikunja mapajani, na miguu inapiga gurudumu huku uso hauonyeshi kwamba kuna kazi. Bonge la udongo lilisimama, likafunguka kati, likanyanyuka. Vidole viwili vilikuwa ndani, viwili nje, na ukuta kati yao unakuwa mwembamba mpaka nikaanza kuogopa kwa niaba yake. Alipofika shingoni alilowesha kidole gumba, akaubana mdomo wa mtungi kwa mzunguko mmoja tu, akapitisha uzi chini na kuutenga na gurudumu. Hakuutazama tena. Alikuwa ameshashika bonge jingine.

Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kama kuna dua inayosomwa kabla ya kuchoma, maana nilisikia tanuri za Bahla zina wenyewe. Akasema ipo: anasoma Bismillahi, kisha anahakikisha mitungi imekauka, kwa sababu ukiweka mbichi inapasuka.

Sokoni ndiko habari nyingine zinakopatikana. Soko la zamani ni la vichochoro na milango ya mbao, na mashuhuri zaidi ndani yake ni mti. Wanasimulia kwamba majini waliwahi kutaka kuuhamisha, ndiyo ukafungwa minyororo usiruke. Juu ya kilima cha karibu kuna misikiti midogo ya kale ambayo nayo inasemekana iliruka. Katika mji huu kila kitu kilichokaa imara kinatuhumiwa kwamba kilikuja kwa kuruka! Wasimuliaji wanafurahia hadithi hizi, na wakiona mgeni ametoa kalamu wanaongeza chumvi.

Moja haikuchekesha. Oman wanaamini, au wazee wao waliamini, kwamba kuna watu wanaokufa bila kufa. Familia inaosha maiti, inazika, inakaa matanga, kumbe mwenyewe amechukuliwa na mchawi na anaishi mahali fulani, hana fahamu zake, akimtumikia aliyemchukua. Mtu wa namna hiyo wanamwita mughayyab, na visa vya waliorudi baada ya miaka, wamepigwa butwaa, hawajui kusema, vinasimuliwa kwa majina na ukoo. Kijana aliyenisimulia, mwalimu wa shule, alidhani ananipa jambo geni. Nilimwacha amalize, nikamwambia kwetu huyo ni msukule. Mashamba ya mchawi, kazi za usiku, ulimi uliokatwa, vyote tunavyo. Alishtuka kuliko mimi. Tukabaki tunabishana kwa kikombe cha kahawa ya iliki: hadithi ilipanda jahazi kutoka kwao kuja kwetu na pepo za kaskazi, au ilirudi na kusi pamoja na boriti za mikoko? Jahazi zilikwenda na kurudi kila mwaka kwa karne nyingi. Sioni kwa nini hadithi iwe na kituo kimoja cha kupandia.

Kwa sababu hiyo nilipokuwa Bahla sikuacha kumfikiria mtu mmoja ambaye wala hakuwa wa Bahla. Sheikh Nasir bin Abi Nabhan al-Kharusi alizaliwa mwaka 1778 katika ukoo wa Wadi Bani Kharus, upande wa pili wa Jabal Akhdar. Baba yake, Abu Nabhan Jaid bin Khamis, alikuwa katika wanachuoni wakubwa wa Kiibadhi wa zama zake. Mtoto akarithi elimu ya sheria na akaongeza ile nyingine inayoitwa elimu ya siri: herufi na hesabu zake, nyota, hirizi, talasimu. Sifa zake zilimfikia Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na baadaye Unguja, na husimuliwa kwamba Sayyid alimweka karibu kwa heshima na kwa hofu pia, asije mtu huyo akabaki nyuma na kalamu yake. Mtawala aliyekuwa na merikebu za mizinga akimwogopa mzee mwenye wino! Akamchukua kwenda Unguja.

Huko ndiko Sheikh Nasir alipofanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko talasimu zote. Alijifunza mimea ya pwani yetu. Mtu aliyekulia kwenye mwamba na mitende alikuta nchi ambayo kila kichaka kina mizizi, kila mzizi una kazi, na kila kazi ina mzee anayeijua. Akaandika kitabu kwa Kiarabu kuhusu mimea ya Waswahili na siri zake. Mtu hakai chini akaandika kitabu kizima cha majani ya watu kama anawadharau. Lazima aliuliza, lazima alipelekwa porini na waganga ambao majina yao hatunayo, lazima alikosea jani akarekebishwa. Alifariki Unguja mwaka 1847. Nikitaka kumweleza mtu msomi msafiri ni nani, sihitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano.

Na mpaka kati ya dawa na uchawi, kati ya hirizi na dua, nadhani yeye aliuona mwembamba kama alivyouona kila mganga wa Pemba. Sisi wa leo ndio tunaokuja na rula.

Bahla yenyewe ilikuwa mji wa vitabu kabla haijawa mji wa vituko. Ibn Baraka, mmoja wa mafakihi wakubwa wa madhehebu ya Ibadhi katika karne ya 10, alikuwa wa hapa, na anaitwa al-Bahlawi. Na wazee wa Unguja waliolijua gazeti la al-Najah, lililoanza mwaka 1911, walilikumbuka jina la mhariri wake, kadhi na mshairi Abu Muslim al-Bahlani, aliyefia Unguja mwaka 1920. Tulikuwa na Bahla ndani ya nyumba yetu siku zote, kwenye jina la mtu.

Anayetaka kuonja dunia hii bila kulipa nauli, asome riwaya ya Jokha Alharthi iliyotoka kwa Kiarabu mwaka 2010, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na Marilyn Booth, ilipata tuzo ya Man Booker International mwaka 2019. Kijiji chake, al-Awafi, hakipo kwenye ramani, amekibuni. Lakini majini wake, zari lake linalochezwa usiku huko mchangani na watu ambao mababu zao walitolewa Afrika kwa nguvu, siri za ndoa na za biashara ya utumwa ambazo hakuna anayetaka kuzitaja mezani, hayo si ya kubuni. Mswahili akisoma zile ngoma za kupunga hatahitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Ila inauma, kwa sababu anajua ngoma ile ilifikaje kule.

Ngome ya Jabrin ni mwendo mfupi tu kutoka Bahla, na sitaieleza sana kwa kuwa kila kitabu cha watalii kinaisifu, na kwa haki. Imamu Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Ya'ariba aliijenga kama mwaka 1670, zaidi kwa kusomea kuliko kwa kupigania, na dari zake za mbao zimechorwa maua kwa subira ya ajabu. Kuna chumba cha kurundikia tende chenye mifereji sakafuni ya kukusanyia asali yake. Mgeni kutoka Mombasa asimame kidogo kwenye kaburi la Imamu, ghorofa ya chini. Aliyemzingira humo akigombea utawala ni ndugu yake mwenyewe, Seif bin Sultan. Na Seif huyo huyo, baada ya kushika nchi, ndiye ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698.

Nimeacha maji mwisho kwa sababu bila maji hakuna mtende, ukuta wala uvumi. Bahla, kama miji yote ya ndani ya Oman, inaishi kwa falaj: mfereji unaochimbwa chini ya ardhi kutoka kisima mama mlimani, ukateremka kwa mwinamo mdogo sana kilomita baada ya kilomita, mpaka maji yanatokea juu yenyewe bila pampu. Yanapotokea, kwanza ni ya kunywa. Baadaye ndipo yapite kwenye vyumba vya kuogea na msikitini, kisha yaingie mashambani. Hapo kila tone lina mwenyewe. Fungu la maji hupimwa kwa muda, kipande cha nusu saa wakikiita athar, na zamani mchana walisoma kivuli cha kijiti na usiku wakasoma nyota. Fungu linarithiwa, linauzwa, linawekwa wakfu. Mafungu ya falaj yenyewe yanapigwa mnada, na anayenadi anaitwa dalali, kama kwetu. Oman ina aflaj, ndio wingi wa falaj, kama 3,000 zinazofanya kazi hadi leo, na tano kati yake ziliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Nilimwona mzee akipokea zamu yake. Alitazama saa ya mkononi, saa ya kawaida ya plastiki, akashuka kwenye mfereji mpaka vifundoni, akachomoa jiwe lililoviringishwa gunia kwenye mlango wa shamba lake na kulikandamiza kwenye mlango wa jirani. Maji yakasita, yakageuka. Yakaingia kwa kunong'ona kwenye majaruba ya majani ya ng'ombe, yakajaza moja, yakavuka la pili. Jirani alikuwa amesimama pale pale, naye anatazama saa. Hawakusemezana chochote zaidi ya salamu, na nilielewa kwamba amani yote ya mji imekaa kwenye lile gunia.

Aina ya falaj inayochimbwa chini kwa chini wanaiita daudi, kwa ajili ya Nabii Suleiman bin Daud. Wanasimulia kwamba Suleiman alikuwa akipita angani juu ya zulia lake, upepo ukamteremsha Oman, akakuta watu wana kiu. Akakaa siku kumi, na kila siku akawaamuru majini wachimbe mifereji elfu moja. Mahali alipotua wanapajua: Salut, kusini ya Bahla, karibu na Bisya. Ni kilima cha mawe katikati ya uwanda, na juu yake kuna magofu ya ngome. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Pisa walianza kupachimba mwaka 2004, na wanaipeleka ngome hiyo nyuma hadi kama mwaka 1300 kabla ya Kristo. Karibu yake kuna mnara wa zamani zaidi, wa Zama za Shaba.

Nilipanda Salut asubuhi, jua halijawa kali, na mwenzangu akanimalizia kisa ambacho watu wa Bahla walikuwa wamenipa nusu. Suleiman aliposhuka, alikuta ngome tayari ipo, na nzuri kana kwamba wajenzi ndiyo kwanza wamenyanyua mikono. Juu yake ametua tai. Nabii, aliyejua lugha ya ndege, akamuuliza ni nani aliyeijenga. Tai akajibu kwamba yeye hajui. Baba yake alimwambia, naye aliambiwa na babu yake, kwamba hata yeye babu aliikuta hivi hivi. Hao majini wote, na zulia, na mifereji elfu kwa siku, vilikuja baadaye. Ngome ya watu wa Salut ilikuwa imeshakwisha kujengwa.